Muuguzi Asiyeamini Kijani

Tulimwita Muuguzi, ingawa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumwona akimgusa mgonjwa. Kazi yake, na baadaye kazi yangu, ilikuwa kuangalia afya ya mashine. Nasema afya kwa sababu yeye ndivyo alivyosema, na kwa sababu kule Uvira, Kongo, alikuwa muuguzi kweli, wa wodi ya vitanda kumi na viwili, kabla vita havijamleta Louisville, Marekani, na kumkalisha mbele ya skrini. Alifukuzwa kazi kwa kosa langu. Siku anafukuzwa nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, nimenyamaza. Tangu hapo nilikuwa na neno moja la kumwambia, na kwa miaka minne sikulisema.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata mama yangu kule Morogoro hajaielewa mpaka leo. Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Ilihudumia mashirika yanayopeleka wahudumu majumbani kwa wazee na wagonjwa: huyu anahitaji kuogeshwa, yule anahitaji kuchomwa sindano, mwingine anahitaji mtu wa kumtoa kitandani tu. Kila siku saa tisa alasiri majina yote ya wagonjwa na wahudumu yaliingia kwenye klasta, yaani kundi la mashine kumi na mbili zinazosaidiana kazi moja. Mashine hizo hatukuwa nazo. Zilikuwa za kukodi, mahali tusipopajua, kwenye hayo wanayoyaita mawingu. Zilichambua majina, umbali na saa, zikatoa ratiba ya kesho, na asubuhi kila mhudumu aliiona kwenye simu yake. Sisi tulikaa Louisville tukitazama miraba kumi na miwili kwenye skrini. Mraba wa kijani, mashine ni nzima. Wa manjano, inachechemea. Mwekundu, imekufa. Mabosi waliona ni kazi ya kukodoa macho tu, ndiyo maana Jumapili walituachia sisi wageni.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimetoka Columbus na shahada yangu mpya, nikiwa nimekaa miaka mitatu kwenye chumba cha kupanga karibu na chuo kikuu, najiona najua kila kitu. Nikamkuta mzee mfupi, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Nikamwambia shikamoo. Akacheka, akajibu kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa.

"Batanzania na shikamoo yenu! Bon, marahaba. Sasa ambia mimi, hawa bagonjwa banaendelea aje?"

Nikatazama skrini. Nikamwambia zote kijani, mzee, zote nzima.

"Kijani ni nguo tu," akasema. "Mutu anaweza vaa muzuri na iko anakufa. Imekula? Imekojoa? Imelala saa ngapi? Weye hujauliza kitu."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kuwa hayo ndiyo maswali matatu aliyouliza kila siku ya Mungu, na yalikuwa na maana kamili. Kula ni majina mangapi yameingia. Kukojoa ni mangapi yametoka. Kulala ni muda gani mashine imekaa bila kufanya lolote. Mashine inaweza kuwa ya kijani, imetulia, haina joto wala malalamiko, kumbe imekaa inangoja faili lisilokuja. Kwa skrini hiyo ni afya. Kwa Muuguzi, huyo ni mgonjwa asiyekula.

Hakuita mashine mashine. Aliziita vitanda. Kitanda cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi na mbili. Ukutani nyuma yake alibandika karatasi kubwa zenye mistari, moja kwa kila kitanda, kama zile zinazoning'inia miguuni pa wagonjwa hospitalini, na kila saa alinyanyuka na penseli nyekundu akaweka nukta. Kompyuta yenyewe ilichora mistari hiyo hiyo, tena ya rangi. Bosi wetu, kijana mpole wa kutoka huko huko Kentucky, alimweleza mara kadhaa kwamba anarudia kazi iliyokwisha kufanywa. Muuguzi alisikiliza, akamshukuru, akaendelea na nukta zake. Mimi aliniambia kwamba jicho linasahau kile ambacho mkono haukuandika. Chini ya kila karatasi palikuwa na safu ya jina la mwenye zamu. Hapo alikuwa mkali kuliko popote. Ungeweza kukosea nukta, lakini usingeondoka hujaandika jina lako.

Jambo moja lilimsumbua kweli kweli. Kwenye mawingu, mashine ikifa, nyingine inaletwa yenyewe ndani ya dakika chache, inapewa namba ile ile, na mraba unarudi kijani. Sisi tulifurahia sana ufundi huo. Yeye alisimama mbele ya skrini.

"Ilikufa na nini?" aliuliza.

Hakuna aliyejua, na hakuna aliyejali, maana mwenzake alikuwa ameshakaa kitandani pake. Aliingia kwenye kumbukumbu za mashine iliyokufa akazisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza. Mara nyingi hakupata kitu. Mara moja alipata: kitanda cha saba kilikuwa kinakufa kila Alhamisi, na kila Alhamisi kililetwa kingine kikafa vile vile, kwa sababu shirika moja lilituma majina yake kwenye faili moja kubwa mno na kitanda hicho ndicho kilicholimeza. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukiona kijani.

Nisimfanye malaika. Mtu huyu aliyetilia shaka taa zetu zote aliendesha gari lenye taa ya injini inayowaka tangu nimjue. Ukimwambia, alisema hiyo taa ni ya kutisha watu. Alikuwa na sukari, alijua sukari ni nini kuliko wengi wetu, na droo yake ilikuwa na chupa za Fanta. Alikuwa mbishi wa kuchosha. Aliweza kukusimamisha mlangoni, begi mgongoni, akueleze kosa ulilofanya Jumanne. Alikuwa shemasi kanisani kwao, mtaa wa Shively, aliombea watoto wa watu wote, lakini nilipomwambia kwa mzaha aiombee klasta alikasirika. Mungu, alisema, ana wagonjwa wa kweli.

Na wagonjwa wa kweli ndio aliokuwa akiwaona. Hilo ndilo sikulielewa mapema. Mimi niliona miraba kumi na miwili, yeye aliona bibi fulani wa Shively aliyekaa kwenye kiti akisikiliza hatua barazani. "Nyuma ya kila namba kuna mutu anangojea mulango ufunguliwe," aliniambia. Kwa hiyo alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: namba ya majina yanayotoka ikiwa sifuri, hata kama kila kitu ni kijani, hata kama mashine inasema imemaliza salama, mpigie. "Hata niko kanisani. Hata niko naoga. Piga."

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa.

Mama yake Muuguzi alifariki Uvira. Alifariki Jumanne, Muuguzi aliambiwa Ijumaa. Ndugu zake walijua, kanisa lilijua, hata mimi nilijua tangu Jumatano, na kwa siku mbili nilikaa naye ofisini tukila mihogo ya mke wake huku nikimtazama usoni kana kwamba hakuna lolote. Ndivyo tunavyofanya sisi. Habari ya msiba haitupwi kwa mtu aliye peke yake, kazini, mbali. Watu wanakusanyika kwanza, wanaenda nyumbani kwake, wanamketisha, ndipo mkubwa mmoja anafungua mdomo. Ni heshima. Muuguzi alipoambiwa, mama yake alikuwa ameshazikwa siku moja kabla. Alilia kidogo, kisha akauliza nani mwingine alijua. Wote tukainamisha vichwa.

"Mulinificha," akasema. "Juu ya heshima. Donc miye nilikuwa nakunywa chai na mama yangu iko ndani ya udongo." Akatuzungushia macho mmoja mmoja. "Tafazali. Mutu asinifiche tena kitu."

Jumapili ilikuwa zamu yake. Nilimwambia nitaishika mimi. Hatukubadilisha majina kwenye mfumo. Ni nani anabadilisha majina kwenye mfumo mtu akiwa na msiba? Alinikabidhi simu ya zamu mkononi, ile ambayo alamu zote zinaingia, ikiwa na jina lake, nami nikaenda ofisini.

Saa tisa klasta ikala. Saa tisa na nusu ikamaliza. Miraba yote kijani. Simu ikatetemeka, ujumbe mdogo wa onyo: kazi imekamilika salama, majina yaliyotoka upande wa magharibi wa mji, sifuri.

Sifuri. Niliisoma mara tatu. Nilijua sheria. Namba yake nilikuwa naijua kwa kichwa. Nikamwona sebuleni kwake, viti vimejaa, kwaya inaimba, wazee wamemzunguka, na mimi ninapiga simu kumuuliza habari za mashine. Nikaona aibu. Nikajiambia klasta ni kijani, labda Jumatatu ni sikukuu ya shirika fulani, labda orodha itakuja kwa njia nyingine. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia. Nikabonyeza "nimepokea", alamu ikanyamaza, nikafunga ofisi bila kuandika jina langu ukutani, nikaenda msibani kuosha vyombo.

Asubuhi ya Jumatatu wahudumu wa upande wa magharibi walifungua simu zao wakaona hawana ziara. Wengi walifurahi. Nani asiyefurahia siku ya kupumzika? Jumanne mmoja wao alimkuta bibi wa miaka themanini na kitu kwenye kiti chake, alipoachwa Jumapili, hakuchomwa sindano, hakunyanyuliwa, glasi ya maji imeanguka mahali asipofikia. Alifia hospitali wiki iliyofuata. Daktari hakusema ni kwa sababu ile, wala hakusema si kwa sababu ile. Jina lake nalijua. Silisemi hapa, lakini nalijua.

Kikaoni bosi aliweka karatasi mezani. Onyo lilikuja saa fulani, likapokelewa dakika nne baadaye, aliyepokea ni Muuguzi. Akamuuliza kama ni kweli.

Muuguzi aliisoma karatasi mpaka chini. Alikuwa bado amevaa kipande cha kitambaa cheusi begani. "Jina ni yangu," akajibu.

Nami nilikuwepo. Kibali changu cha kukaa nchi hii kilitegemea kazi ile. Kazi ikienda, kibali kinaenda, na mimi na ndoto za mama yangu tunarudi Morogoro. Hayo niliyafikiria kwa haraka ya ajabu. Nilifungua mdomo. Naapa kwamba niliufungua. Hakikutoka kitu, na nilipoufunga ilikuwa imekwisha: anakusanya kalamu zake, anazitoa karatasi ukutani, moja moja, bila kuzichana.

Mlangoni aliniambia, "Kitanda cha saba, umuangalie," akaenda zake.

Alifanya kazi ghalani, kubeba maboksi, mpaka magoti yakakataa. Mke wake akafariki. Mimi nikarudi Columbus, nikapata kampuni nyingine, klasta nyingine kubwa mara kumi, na kila siku ninauliza imekula, imekojoa, imelala. Vijana ninaowafundisha wanacheka kama nilivyocheka. Sheria yake nawafundisha kama sheria yangu. Nilimpigia simu sikukuu za Krismasi. Tuliongea habari za baridi. Kila mara nilijiambia safari hii nitasema, na kila mara nilimtakia heri ya mwaka mpya. Miaka minne hiyo. Nimewahi kuandika barua pia. Sikuituma.

Ndipo binti yake, ambaye alikuwa amemhamishia kwake Buffalo, akanipigia kuniambia baba amepata kiharusi kidogo, mikono inatetemeka, na sukari imepanda. Nikapanda basi nikijua kwamba nikichelewa tena, basi nimechelewa moja kwa moja.

Wanakaa mtaa wa Lower West Side, ghorofa ya pili, theluji chafu imerundikwa pande zote za mlango. Binti alikuwa ameshavaa koti la kiwandani.

"Karibu dada. Baba alikungojea. Mi naenda kazi. Mama wa kumuchoma sindano anakuja saa ine, ni kila siku anakuja, usihangaike." Akambusu babaye kichwani, akashuka ngazi mbio.

Muuguzi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Shati jeupe. Kalamu moja mfukoni. Amekonda, ngozi ya shingo imelegea, midomo imekauka. Nilipiga magoti nikamwambia shikamoo, naye akajaribu kucheka.

Nilisema hapo hapo, kabla sijakaa, kabla ujasiri haujaniisha. Kwamba ni mimi niliyebonyeza. Kwamba niliona sifuri. Kwamba sikumpigia kwa sababu ya msiba, na kikaoni nilinyamaza kwa sababu ya kibali. Nililia kama mtoto, kamasi na yote.

Alingoja nimalize.

"Najua," akasema. "Nani mwingine? Simu nilikupa weye."

"Mbona hukusema, baba?"

"Bon. Sikiliza." Alivuta pumzi. "Siku ile nilikuwa na simu yangu mukononi. Saa tisa, saa tisa na nusu, saa kumi. Batu banaimba, banashika mabega yangu, na miye niko natazama simu. Miye najua saa ya klasta. Nikasema, mutoto atanipigia. Nilikuwa nataka unipigie, unasikia? Nilikuwa nataka mutu mumoja aniambie kitu ya kweli. Na haukupiga. Nikasema basi, iko muzuri."

Nilifuta kamasi kwa mkono wa koti.

"Na juu ya nini miye sikupiga?" akaendelea. Hakuniangalia. "Juu niliogopa batasema, huyu hana uchungu wa mama yake, anaongea kazi. Donc na miye nilikuwa na heshima. Kama weye. Ule mama muzee alikaa kwa kiti juu ya makosa yetu sisi wawili. Njo maana nilisema jina ni yangu. Ilikuwa kweli, nusu."

Saa nne ikafika. Saa nne na nusu. Hakuna hatua kwenye ngazi. Nikamuuliza kama mhudumu huchelewa. Akanyoosha kidole kuelekea mlango wa chumba chake cha kulala, ulioachwa wazi kabisa. Nikauvuta mlango, na ukutani nyuma yake, mahali ambapo binti yake hapaoni mlango ukiwa wazi, nikakuta karatasi yenye mistari. Tarehe, saa, na safu ya jina. Nukta nyekundu kwa siku ambazo mhudumu alikuja, duara tupu kwa siku ambazo hakuja. Maduara matatu ya mwisho yalikuwa yamefuatana, yamechorwa kwa mkono uliotetemeka.

"Siku tatu? Binti yako anajua?"

"Hapana. Anafanya kazi sana. Juu ya nini nimusumbue?"

Nilitamani kumpigia kelele. Wewe, baba! Wewe ndiye uliyetuambia tusifichane! Nadhani aliyasoma usoni mwangu, kwa sababu alifumba macho kama mtu aliyekamatwa.

Nikapiga simu kwenye shirika la wahudumu. Sauti ya heshima ikatafuta jina lake, ikaniambia kwamba kila kitu kiko sawa, ziara ya jana imekamilika, ya juzi imekamilika, na ya leo pia. Nikasema niko chumbani na mgonjwa na hakuna mtu aliyekuja. Sauti ikasema tena, kwa upole ule ule, kwamba kwao inaonyesha kijani.

Nikatafuta kipimo cha sukari kwenye mfuko uliokuwa mezani. Alinielekeza kwa sauti ndogo: osha kidole, choma pembeni, ngoja. Nikangoja. Namba ikatokea kwenye kioo kidogo, nami nikakifunika kwa kiganja bila kufikiri.

"Ngapi?" akauliza.

Mdomo wangu ulishatengeneza jibu. Si mbaya sana, baba. Nilikuwa nalo kabisa, tamu, tayari.

"Usinifiche," akasema.

"Mia tano na arobaini."

Kwa vipimo vya Marekani, mtu mwenye afya hafiki mia mbili. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea taarifa ya wodi. Nikapiga namba ya dharura. Nikampigia binti yake kiwandani, simu haikupokelewa, nikampigia msimamizi wake nikamwambia amtoe kazini sasa hivi. Nilipomaliza, Muuguzi alikuwa ameegemeza kichwa, pumzi zake ndefu na nzito, lakini mkono ulikuwa unahangaika mfukoni mwa shati. Alikuwa anatafuta kalamu. Niliitoa nikataka kumpa. Hakuipokea.

"Zamu ya nani?" aliuliza, amefumba macho.

Nikaenda nyuma ya mlango. Nikaandika tarehe, nikaandika saa, nikaandika ile namba. Kwenye safu ya mwisho nikaandika jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, yote, herufi kubwa, mpaka yakatoka nje ya mstari.

Watu wa ambulensi walipanda ngazi wakiwa wawili. Mmoja alipiga magoti karibu na kiti akamshika Muuguzi mkono akimwita, na Muuguzi hakuitika. Mwingine aliiona karatasi, akaisoma kuanzia juu, maduara, namba, mpaka akafika kwenye jina, akahangaika nalo mdomoni. Akageuka akauliza huyu ni nani.

"Ni mimi," nikasema.